Fedha Inayofika: Kutuma Mchango Kutoka Nje Bila Kuuacha Njiani

Mada ya Kamati ya Fedha katika mkutano mkuu wa mwaka

Tunaomba radhi kwamba baada ya chakula kizuri namna hii mmeletewa wahasibu.

Ukifungua kurasa za mwisho za kijitabu hiki utakuta orodha ya waliochangia bweni la wasichana. Miaka yote orodha ile ilikuwa na safu moja ya fedha. Safari hii, kwa waliotuma kutoka nje ya nchi, ina safu mbili: iliyotumwa na iliyoingia. Wapo waliotupigia simu kijitabu kikiwa bado kwa mpiga chapa, wakauliza kama tunataka kuaibisha watu. Hatuna nia hiyo. Tunataka kuzima maneno.

Maneno yenyewe mnayajua. Ndugu yetu aliyeko Uingereza anasema ametuma paundi 300, na risiti anayo. Mweka hazina anafungua taarifa ya benki, anakuta shilingi ambazo ukizigeuza hazifiki paundi 260. Yule wa kule anaona huku kuna mkono umepita. Huyu wa huku anaona kule kuna mtu anajisifu kwa fedha asiyoituma. Wote wawili wanasema kweli, ndiyo maana ugomvi hauishi. Kundi letu moja la WhatsApp limegawanyika kwa jambo hili hili, na watu wawili waliokuwa wakichangia kila mwaka wamenyamaza. Fedha iliyopotea njiani tunaweza kuichanga tena. Watu wale wawili bado hatujawapata.

Sasa, fedha ile ilikwenda wapi? Mkulima wa Lushoto hahitaji kufundishwa habari hii. Anajua bei ya kabichi shambani na anajua bei yake Kariakoo, na anajua kwamba katikati yapo mabega ya wabebaji, dalali wa kwetu, ushuru, lori linaloteremka Soni hadi Mombo, na dalali mwingine anayeipokea Dar es Salaam. Fedha inayotoka benki kwenda benki ya nchi nyingine husafiri hivyo hivyo. Benki ya Minneapolis haina akaunti katika kila benki ya Tanzania. Ikitaka kutulipa dola, hupitia benki kubwa, mara nyingi ya New York, ambako benki yetu ya hapa imefungua akaunti. Wakati mwingine benki hizo za njiani huwa mbili.

Wengi hudhani SWIFT ndiyo gari linalobeba fedha. SWIFT ni ushirika wa mabenki ulioanzishwa mwaka 1973, makao yake Ubelgiji, na kazi yake ni kupeleka ujumbe: mpunguzie huyu, mwongezee yule. Fedha yenyewe husogea ndani ya vitabu vya hesabu vya benki za njiani, na kila anayeshika kitabu hujikatia ujira wake.

Tufanye hesabu moja. Namba hizi ni za mfano, ila hazipo mbali na tunazoziona kwenye karatasi za wanachama. Tuchukulie bei ya dola sokoni ni shilingi 2,500. Mwanachama anatuma dola 500 na benki yake inamtoza dola 45 juu yake. Benki ya njiani inakata 20. Benki inayopokea inakata 10. Zimebaki 470. Akaunti yetu ni ya shilingi, kwa hiyo benki inazinunua dola zile kwa bei ya ubaoni, tuseme 2,425. Zinaingia shilingi 1,139,750. Mtu yule mfukoni mwake zimetoka dola 545, ambazo kwa bei ya sokoni ni shilingi 1,362,500. Njiani zimebaki shilingi 222,750, yaani zaidi ya asilimia 16.

Mzee mmoja alipoona hesabu hii kwenye kikao cha kamati aliuliza: hizo dola ishirini za katikati alizila nani, na mbona hatumjui? Ni swali zuri kuliko mengi tunayoulizwa na wakaguzi. Jibu ni kwamba mtumaji alipojaza fomu palikuwa na sehemu ndogo inayouliza ada zitalipwa na nani. Ukichagua OUR, mtumaji unabeba ada zote na kiasi ulichoandika ndicho kinachotakiwa kifike. Ukichagua SHA, mnagawana: unalipa ya kwako, nyingine zinakatwa kwenye mchango. Ukichagua BEN, zote zinakatwa kwa anayepokea. Mara nyingi SHA huwa imekwisha kuwekwa alama kabla hujaisoma fomu. Basi ile ishirini ya mzee imejificha hapo.

Hata hivyo, msiondoke hapa mkidhani ada ndiyo adui mkuu. Ada inaonekana. Makato makubwa yapo kwenye bei ya kubadilishia fedha, na hayaandikwi mahali popote kama makato. Tangazo linalosema "tuma bila ada yoyote" lisomeni kwa miwani. Anayekupa bei pungufu kwa shilingi 75 katika kila dola amekwisha kujilipa asilimia 3, na wewe unamshukuru kwa kutokutoza ada. Bei halisi ya sokoni, ile ya katikati ya kununua na kuuza, ipo wazi kwenye simu yako. Iangalie kabla ya kubonyeza. Na kuna swali moja tu la kumuuliza mhudumu: nikitoa kiasi hiki kwangu, akaunti ya chama itaingiwa na shilingi ngapi? Wengi watakujibu habari za ada. Lirudie swali lile lile.

Walioko Marekani wana bahati katika hili, kwa sababu tangu Oktoba 2013 sheria ya kule inamlazimu anayetuma fedha za mtu binafsi nje ya nchi kumwonyesha, kabla hajalipa, ada, bei ya kubadilishia na kiasi kitakachopokelewa. Tena kwa kawaida una dakika 30 baada ya kulipa za kughairi na kurudishiwa fedha yako yote. Karatasi ile isome, kisha uipige picha ututumie. Inatusaidia kuliko risiti.

Kwa mtu anayetuma peke yake kiasi kidogo, dola 100 au paundi 200, ushauri wetu ni kuacha kutuma kutoka benki moja kwa moja. Benki ya Dunia hufuatilia gharama ya kutuma dola 200 duniani kote. Wastani wa dunia umekuwa ukizunguka asilimia 6 na kitu, Afrika kusini mwa Sahara ni ghali kuliko kanda nyingine zote, na katika njia zote mabenki ndiyo ghali zaidi, wastani wao ukipita asilimia 10. Mataifa yaliahidiana mwaka 2015 kwamba ifikapo 2030 gharama hii iwe chini ya asilimia 3. Tusiwasubiri.

Njia nafuu kwa sasa ni kampuni za kutuma fedha kwa simu na intaneti. Wise ilianzishwa London mwaka 2011 na vijana wawili wa Estonia. Mmoja alikuwa akilipwa kwa yuro lakini anaishi London, mwenzake alikuwa akilipwa kwa paundi na ana deni la nyumba Estonia. Wakawa wanabadilishana: huyu anamlipia yule kule, yule anamlipia huyu hapa, na fedha haikuvuka mpaka. WorldRemit ilianzishwa mwaka 2010 na Ismail Ahmed, mzaliwa wa Somaliland. NALA ilianzishwa na Mtanzania mwenzetu, Benjamin Fernandes. Zipo nyingine nyingi, na hatumpigii debe yeyote. Kinachozifanya ziwe nafuu ni kwamba zina fedha pande zote mbili: paundi zako zinabaki Uingereza, na wewe unalipiwa hapa kwa shilingi ambazo tayari zipo hapa. Mlolongo wa madalali unafupika.

Lakini zina mambo yake. Bei nzuri ya mara ya kwanza ni chambo. Linganisha tena mara ya pili, maana mara nyingi huwa imeshuka. Ukilipia kwa kadi ya mkopo, benki yako inaweza kuihesabu kama umekopa fedha taslimu, na riba ikaanza siku hiyo hiyo. Lipia kutoka akaunti yako. Na si kila kampuni inakubali kulipa kwenye akaunti ya chama, nyingine hulipa kwa mtu binafsi au kwenye simu tu. Ukikuta hivyo, tafadhali usitume kwenye simu ya mweka hazina, hata kama yeye mwenyewe ni mtu mwema, naye ni mwema. Mchango ulioingia kwenye simu ya mtu hatutauandika katika orodha, na hili kamati haitalegeza.

Walioko Marekani waangalie jambo jipya pia. Tangu Januari 1, 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje ya nchi hiyo ikiwa mtumaji amelipia kwa fedha taslimu dukani, au kwa hundi ya benki na vitu vya namna hiyo. Ukilipia kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa kule, kodi hiyo haikuhusu. Kwa hiyo ile desturi ya kupita dukani na noti mkononi baada ya kazi sasa ina bei yake.

Jambo tunalotaka mlichukue zaidi ya yote ni la kutuma kwa pamoja. Wazee walituambia haba na haba hujaza kibaba, ila hawakuwahi kulipa ada ya benki. Pale kila haba inakatwa kabla haijafika kwenye kibaba.

Turudi kwenye mfano wetu. Watu kumi wakituma dola 500 kila mmoja kwa njia ile ya benki, njiani zinabaki shilingi 2,227,500. Wakikusanya kule kule na mmoja akatuma dola 5,000 mara moja, ada zikiwa zile zile 45, 20 na 10, zinabaki shilingi 560,250. Tofauti ni shilingi 1,667,250. Bati la geji 28 tukilihesabu kwa shilingi 35,000, hayo ni mabati 47, na hakuna aliyeongeza hata senti kwenye mchango wake.

Kukusanyana ndani ya nchi moja karibu hakuna gharama. Uingereza mtu binafsi hamlipii mtu kuhamisha paundi kutoka benki moja hadi nyingine. Nchi zinazotumia yuro zina sheria kwamba kutuma yuro Uholanzi kwenda Ujerumani kusizidi gharama ya kutuma ndani ya nchi. Kazi ngumu ni uaminifu, kwa hiyo tuseme wazi tunavyotaka. Fedha isikae kwenye akaunti ya mtu mmoja inayopokea pia mshahara wake. Benki yake itaanza kumwuliza maswali, na kwa haki. Wafungue akaunti ya kikundi yenye watia saini wawili au zaidi. Watume kila miezi mitatu, na siku wanapotuma watutumie orodha ya majina na kiasi cha kila mmoja, ili mtu aliyetoa paundi 40 aone jina lake humu, asimezwe na jina la aliyebonyeza.

Ukishafikia kiasi kikubwa, hesabu inageuka. Katika zile 560,250 zilizobaki njiani, shilingi 372,750 zilitokana na bei ya kubadilishia, ada ni sehemu ndogo. Kwa sababu hiyo chama kimefungua akaunti ya dola pembeni ya ile ya shilingi. Dola zikiingia kama dola, sisi ndio tunaoamua lini na wapi tuzibadilishe, na mwenye dola 5,000 anaweza kukaa na meneja wa benki akaomba bei iliyo bora kuliko ya ubaoni. Shilingi 20 tu juu ya kila dola kwa kiasi kile ni karibu laki moja. Atakayetuma kiasi kikubwa asikubali benki yake imgeuzie kuwa shilingi kule kule. Shilingi yetu ikiwa mbali na nyumbani huuzwa kwa bei mbaya. Wala asitume yuro kwenye akaunti ya dola, kwani zitageuzwa mara mbili.

Wapo watakaosema basi tukae na dola tusubiri zipande. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,700, kisha kabla mwaka haujaisha ikashuka hadi karibu 2,400. Aliyesubiri akapata, na aliyesubiri zaidi akalia. Chama hiki kinajenga bweni. Tunabadilisha fundi anapoleta ankara.

Ndugu zetu wa Ghuba wana urahisi ambao pengine hawajaupigia hesabu. Rial ya Oman imefungwa kwa dola kwa bei ile ile tangu 1986, rial moja ni dola 2.60. Dirham ya Emirati imefungwa tangu 1997, dola moja ni dirham 3.6725. Bei hizo hazipandi wala kushuka, kwa hiyo duka la kubadilishia fedha linalokukata sana unapotoka rial kwenda dola halina kisingizio. Linganisheni maduka mawili matatu, na muulize bei mbili: ya kuleta dola kwenye akaunti ya dola, na ya kuleta shilingi moja kwa moja.

Walioko Mombasa na Nairobi, kwa kiasi kidogo M-Pesa ya Kenya inazungumza na ya Tanzania tangu 2015. Kwa kiasi kikubwa upo mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, EAPS, ulioanza kazi mwaka 2013, unaounganisha Benki Kuu za nchi wanachama na kuruhusu kulipana kwa fedha zetu wenyewe. Mwambie mhudumu ulitaje jina hilo. Usipolitaja, shilingi ya Kenya inaweza kugeuzwa dola kwanza ndipo iwe shilingi ya Tanzania, safari ya kwenda Tanga kupitia Mwanza.

Kuhusu kumpa noti msafiri, au kumpa mtu asiye na leseni kule ili mwenzake atoe fedha huku: tunajua inafanyika na tunajua ni rahisi. Kwa mchango wa chama hatuipokei. Haiachi karatasi, na chama kisicho na karatasi hakiwezi kujieleza mbele ya mkaguzi wala mbele yenu. Zaidi ya hapo, anayevuka mpaka na zaidi ya dola 10,000 taslimu bila kutamka anaweza kuzipoteza zote.

La mwisho ni dogo, nalo linatusumbua kuliko yote. Andikeni jina la akaunti kama lilivyosajiliwa, herufi kwa herufi. "Chama cha bweni" au jina la kijiji pekee hufanya fedha irudishwe, na ikirudi hukatwa tena. Tanzania haitumii IBAN. Fomu ya Ulaya ikiidai, weka namba ya akaunti na namba ya SWIFT ya benki. Kwenye sababu ya malipo andika "mchango wa ujenzi wa bweni", msiandike utani. Na fedha ikichelewa, usiilaumu kamati kabla hujaiomba benki yako ile namba ndefu ya kufuatilia, UETR, yenye herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari vyake. Kwa namba hiyo benki inaweza kuona fedha imekwama kwa nani.

Kadi zenye jina kamili la chama, namba za akaunti zote mbili na namba ya SWIFT ziko mezani kwa mweka hazina karibu na mlango. Chukueni mbili, moja mpelekee ndugu aliyeko nje. Wawakilishi wa Uingereza, Marekani na Oman tunaomba mbaki dakika kumi baada ya mkutano tupange tarehe ya kutuma kwa pamoja mara ya kwanza. Sasa tunapokea maswali, tukianza na mzee pale nyuma, ambaye mkono wake umekuwa juu tangu tulipotaja zile dola ishirini.